Kamera ya Saa Kumi Alfajiri

Tangu niwe na kamera yangu, kila ninayekutana naye ana swali moja: "Sista, na mimi ninunue kamera gani?" Nami humjibu kwa swali, jambo ambalo najua linaudhi: utapigia wapi? Mtu anakunja uso. Alitegemea nimtajie jina na namba, aende zake Kariakoo akaulize bei. Lakini ndugu msomaji, hebu fikiri. Anayetaka kupiga mechi za mchangani saa kumi jioni, jua bado liko juu, na anayetaka kupiga taarabu ukumbini usiku wa manane, hawa wawili hawawezi kununua mzigo mmoja, labda wawe na hela za kuchezea. Sisi wa hela za kudunduliza lazima tujue kwanza giza letu lina ukubwa gani.

Mimi giza langu nalijua. Liko uwani kwetu Mbagala, saa kumi alfajiri.

Mama yangu anauza vitumbua. Ndivyo vilivyotusomesha, mimi na wadogo zangu wawili, kwa hiyo usicheke. Anaamka saa tisa na nusu, anawasha mkaa, anafunua ndoo kuangalia kama mchele uliosagwa umeumuka, na ikifika saa kumi chuma kiko jikoni. Anavigeuza kwa spoku ya baiskeli, chap chap, kama mtu anayesuka ukili, na wakati huo huo anaongea na wewe bila kukutazama. Mwanga ni wa aina mbili: wekundu wa mkaa unaotoka chini, na weupe wa kibalbu kimoja kilichoning'inizwa kwenye boriti, ambacho siku umeme ukipungua nguvu kinakuwa kama kimulimuli. Hapo ndipo nilipotaka kupiga picha. Si ufukweni Coco, si mnazi na machweo.

Sababu ni hii. Ndani ya nyumba yetu mama ana picha moja tu ya maana, ya studio, ya mwaka 1994. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, mkononi ameshika mkonga wa simu ambayo haikuunganishwa popote. Amependeza, sikatai. Enzi hizo mpiga picha alikuwa na mkanda wa picha 36, kila akibonyeza ni hela, na ukitaka kujiona lazima ungoje zikasafishwe. Nani angepoteza pozi moja kwa mwanamke mwenye masizi hadi kwenye nyusi? Basi mtu amefanya kazi moja zaidi ya miaka 20 na hana picha hata moja akiifanya.

Na muda ulikuwa unaisha. Mapema mwaka 2023 mama alianza kukohoa kikohozi kisichokubali tangawizi wala asali. Zahanati walimwambia kwa lugha nyepesi: mama, huu moshi upunguze. Akapata wazo la friji. Friji la mtumba, auze barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju, akae kivulini kama bibi wa mjini. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba fedha ya kununua friji ilikuwa ile ile ya kununua kamera.

Nilikuwa nacheza mchezo na akina dada tisa wa mtaani, 60,000 kila mwezi, na mwezi wa nne zamu ikawa yangu. Kijumbe wetu ni mtu wa haki, alinihesabia 600,000 zote mezani. Kibubu changu nilipokivunja kikatoa 180,000. Jumla 780,000. Nikamweleza mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Friji linatoa barafu. Hiyo kamera inatoa nini?"

Nilimweleza kwa hesabu, kwa sababu mama ni mfanyabiashara, hadithi hataki. Nafanya kazi kwenye steshenari, natoa kopi na kupiga picha za pasipoti kwa kamera ya bosi, ile kitambaa cha bluu nyuma na "dada inua kidevu". Wateja wamenizoea, wananiomba niwapigie ubarikio, maulidi, kitchen party, na kila mara nakataa kwa kuwa chombo si changu. Nikamwambia: nikipata shughuli mbili kwa mwezi, friji linakuja kabla mwaka haujaisha. Akasema, "Sawa mwanangu. Lakini ujue kila mwezi unaochelewa, ni mimi niko kwenye moshi." Maneno hayo ndiyo niliyokwenda nayo Kariakoo. Nikikuambia nilitafuta kamera ya bei nafuu, naomba unielewe unafuu gani nazungumzia.

Wengine watasema, si ungetumia simu? Nilijaribu, na simu yangu mchana inapiga vizuri tu, sina ugomvi nayo. Saa kumi alfajiri ni habari nyingine. Simu ya kawaida ina sensa ndogo sana, kwa hiyo gizani inabahatisha, halafu inapakapaka ngozi ili kuficha chengachenga. Kwenye kioo cha simu huoni. Mimi nina printa kazini: nilitoa picha moja ya mama kwa karatasi ya A4, akatoka amelainika kama mwanasesere wa dukani, mikunjo yote ya jicho imefutwa. Mikunjo ile ameipata kwa jasho, simu ni nani aifute?

Basi nikaamua DSLR, hizi kamera kubwa zenye kioo ndani kinachoruka unapobonyeza, ile sauti ya "klak" inayowafanya watu wajiweke sawa. Historia yake kwa ufupi. Nikon D1 ilipotoka mwaka 1999 iliuzwa zaidi ya dola 5,000, kamera ya magazeti tajiri. Mwaka 2003 Canon wakatoa EOS 300D, nayo huko Marekani ikauzwa chini ya dola 1,000. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuota. Lakini kilichotuletea neema sisi wa mitumba kimetokea baadaye: kampuni zote mbili zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, Canon na mfululizo wake wa R na Nikon na Z, zote kuanzia mwaka 2018. Wenye nacho wamehama nazo. Zile za kioo wamezimwaga sokoni, nzima, zikiwa na miaka mingi mbele yake. Vijana wengi wanaona aibu kununua teknolojia iliyoachwa. Aibu ya nini? Kitumbua hakijui mwaka kamera ilipotengenezwa.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana kuna namba.

Kamera hizi za mwanzo huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, imeandikwa f/3.5-5.6. Hiyo f ni hesabu ya kugawanya: urefu wa lenzi gawa kwa upana wa tundu linaloingiza mwanga. Ukivuta lenzi hiyo hadi 55, tundu lake ni kama milimita 10, kifungo cha shati. Sasa chukua lenzi ya milimita 50 isiyovutika, f/1.8. Hamsini gawa kwa 1.8, unapata karibu milimita 28, karibu na upana wa kizibo cha soda. Kifungo na kizibo! Mwanga unaopita unatofautiana karibu mara 10. Maana yake ni nini uwani kwetu? Ni kwamba pale ambapo kizibo kinaniruhusu kupiga kwa kasi ya moja ya 60 ya sekunde, kifungo kinataka karibu moja ya sita. Katika moja ya sita ya sekunde spoku ya mama imeshageuza kitumbua na kwenda kwa jirani yake. Utapata picha ya ukungu.

Muuzaji atakuambia lenzi ya 18-55 ina kitulizo cha mtikisiko. Kweli inayo, zilizo nyingi. Kinatuliza mkono wangu mimi. Hakimtulizi mama.

Na flashi je? Flashi ile ya kichwani mwa kamera nimeitumia sana kwenye pasipoti. Uwani inaua moto. Mkaa unaonekana kama kokoto, moshi unakuwa shuka jeupe, na mama anatoka kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa umekwisha kabla sijapanda daladala: lenzi kwanza, kamera baadaye. Ninataka f/1.8, na hela itakayobaki ndiyo itakayonunua boksi la kuifungia. Najua wengi wanafanya kinyume. Wanamaliza hela kwenye kamera yenye namba kubwa za megapikseli, lenzi wanachukua iliyokuja nayo, halafu wanalalamika picha za usiku hazitoki. Nyie waandishi mna bahati, kalamu haiulizi kama kuna mwanga. Unaona jambo gizani, unakumbuka, unaandika kesho. Kamera isipoona, haina kesho.

Kaka wa duka la kwanza alinipokea vizuri. "Sista, hii hapa Nikon D3200, megapikseli 24, lenzi yake, begi lake, bei ya dada 620,000." Mashine yenyewe safi, ya toleo la mwaka 2012, siisemi vibaya. Nikamwomba lenzi ya 50 f/1.8. Akatoa moja ya zamani, ile ya Nikon yenye herufi D, bei poa kuliko nilivyotarajia. Tukaifunga. Nikabonyeza nusu, lenzi ikakaa kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Hapo ndipo pa kuwa macho, msomaji: lenzi hizo za zamani za Nikon hazina mota, zinategemea mota iliyo ndani ya kamera, na kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. D90 inayo, D7000 inayo. Kwenye D3200 itabidi uzungushe fokasi kwa mkono, jambo linalowezekana kwa ua, si kwa mama mwenye spoku. Nikon wana 35 f/1.8 ya mwaka 2009 yenye mota yake, lenzi nzuri kweli, lakini niliyemkuta nayo siku ile alitaja bei iliyonikata maini.

Upande wa Canon mambo ni mepesi zaidi kwa mtu asiye na hela. Tangu walipoanzisha mdomo wa EF mwaka 1987, mota ya otofokasi iko ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo hata kamera ya daraja la chini haikatai. Lenzi zake zimejaa sokoni. Na siku nikipata hela za kuhamia R, kuna adapta ya kuzifungia lenzi hizi hizi. Sipigi debe la kampuni. Anayepata D7000 safi na ile 50 ya D kwa bei ya kueleweka, achukue, alale usingizi.

Duka la tatu nikaikuta Canon 600D, ya mwaka 2011, megapikseli 18, mwili mtupu bila lenzi. Kwa kuwa haikuwa na lenzi hakuna aliyekuwa anaiangalia. Nilichoipendea ni kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuka. Jiko la mkaa liko chini, ndugu yangu. Kwa kioo hiki naweza kuweka kamera usawa wa jiko bila kulala kifudifudi kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Nikaikagua kama anayenunua kuku. Nilikwenda na memori kadi yangu. Niliifunga lenzi, nikaweka f/16, nikapiga ukuta mweupe, nikaikuza picha: vidoa viwili vya vumbi, hivyo vinasafishika. Nikaiziba kwa kifuniko na kupiga giza kwa sekunde kadhaa kuona kama kuna nukta zinazowaka. Nikapiga picha 30 mfululizo nikisikiliza shata, kama inakwama au inakohoa. Nikatazama mpira wa kushikia, vichwa vya skrubu, vitufe vilivyofutika, maana Nikon huandika ndani ya faili shata imepigwa mara ngapi, lakini Canon nyingi za daraja hili haziandiki, na neno la muuzaji eti "ilikuwa ya mdada mmoja tu wa ofisini" silo kipimo. Mwisho nikaichukua lenzi, 50 f/1.8 ile ya STM iliyotoka mwaka 2015, nikamulika tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Unatafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni ukungu, na kwa joto na unyevu wa Dar ni ugonjwa wa kweli. Ukiuona, rudisha mezani, hata kama bei inakuchekea.

Alianzia 500,000 kwa kamera. Tulivutana hadi chai ikaletwa. Nikaichukua kwa 430,000, lenzi 220,000. Kadi nyingine ya GB 32 kwa 25,000 na betri ya pili, ya kuiga, kwa 35,000. Nilibakiwa na 70,000, ambazo sikula hata chips, nilizipeleka moja kwa moja mkononi mwa mama. "Za friji," nikamwambia. Akazifunga kwenye pindo la kanga bila kusema neno.

Asubuhi ya kwanza niligundua jambo ambalo vipimo vilikuwa vimeshanionya: sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko ule mkanda wa zamani, kwa hiyo lenzi ya 50 kwenye Canon inaona kama ya 80. Uwa wetu hauzidi hatua nne. Kumpata mama mzima nililazimika kuegemea pipa la maji na mgongo ukiwa kwenye ukuta wa jirani. Kwa hiyo nikaacha kutaka kila kitu. Nikapiga mikono. Nikapiga uso wake anapopuliza mkaa, nusu mwekundu nusu mweupe. Nikapiga kitumbua hewani kwenye ncha ya spoku, mafuta yanachuruzika. Lenzi hii inakaribia hadi sentimita 35, na ukiwa karibu hivyo kwa f/1.8 sehemu inayoonekana kali ni nyembamba kama ganda la yai. Ukipumua vibaya umeikosa. Katika picha 100 za siku ile zilizonyooka zilikuwa tisa. Tisa zinatosha.

Napiga kwa faili ghafi, raw, kwa sababu ya zile taa mbili zinazogombana. Ukiziachia kamera iamue, leo mama ni wa njano, kesho wa bluu. Kompyuta ya kazini inakwenda kama kobe, lakini programu ya Darktable ni ya bure na ikishafunguka inafanya kazi. Kamera inalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vinanyonya unyevu. Bosi wangu ananiona kichaa ninapowaomba wateja wa viatu wa duka la jirani wanipe takataka zao.

Shughuli zilikuja kama nilivyomwambia mama, miezi mingine mbili, miezi mingine nne, na mmoja mtupu ambao sitaki kuukumbuka. Kwa picha za kundi 50 ni finyu mno, kwa hiyo naazima 18-55 ya rafiki. Mchana, nje, watu wamesimama wametulia, lenzi ya kifungo cha shati inafanya kazi yake vizuri kabisa. Friji liliingia kwetu mwezi wa 12, 2023, limebebwa na toroli la jirani, mlango wake una mkwaruzo mrefu. Kikohozi kimepungua, hakijaisha.

Picha ile ya kitumbua hewani niliitoa A3, nikaibandika sebuleni karibu na ile ya simu isiyounganishwa. Mama aliitazama muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha akaonyesha kwa kidole, "Hicho cha pembeni kimeungua. Ungeniambia nikitoe." Halafu akauliza kwa nini nilimpiga na kanga iliyochanika, wakati ana mpya sandukuni.

Ijumaa bado anapika, kwa sababu wateja wake wa msikitini wamegoma kula barafu asubuhi. Kwa hiyo nina alfajiri moja kwa wiki. Natafuta 24 f/2.8, ile nyembamba kama kitumbua chenyewe, ambayo hapa itaona kama 38 na kumwingiza mama, jiko, pipa na kibalbu kwa pamoja. Itanipunguzia mwanga, najua, zaidi ya nusu ya ule wa 50. Lakini sasa najua ni dakika gani mkaa unawaka vizuri zaidi. Mchezo umeanza upya mwezi huu, nami nimeokota namba saba.